Utepe wa Kupimia Mimba Katika Maduka ya Dawa ya Busia: Kifaa Kizuri, Mradi Uuziwe na Mtu Anayeuliza Tarehe

Utepe wa kupimia mimba unaouzwa katika maduka ya dawa ya mji wa Busia, upande wa Uganda, ulinigharimu shilingi 2,000, na kama kifaa sina lawama nao. Unafanya kazi iliyoandikwa kwenye pakiti yake, na matokeo yake hayakutofautiana na ya kile kijiti cha plastiki kinachouzwa kwa bei ya juu zaidi kwenye rafu hiyo hiyo. Ninachotaka kukitathmini hapa, pamoja na utepe wenyewe, ni huduma inayoandamana nao pale kaunta, kwa sababu mteja anayenunua kipimo hiki huwa na swali linalomnyima usingizi, na jibu atakalolipata litakuwa la kuaminika au la kupotosha kutegemea siku atakayopima. Duka ninalolizungumzia lipo katika mtaa wenye pilikapilika nyingi karibu na mpaka, ambako wateja huchanganya Kiswahili, Kisamia na Kiteso bila kutambua wamehama lugha. Mhudumu wake aliniomba nisilitaje jina, nami nimekubali.

Nianze na kifaa. Ndani ya pakiti ya foili kuna utepe mwembamba na kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, ambacho hutupwa. Ncha moja ya utepe ina mishale inayoelekea chini na mstari ulioandikwa MAX, na maana yake ni kwamba utepe hutumbukizwa kwenye mkojo kwa upande wa mishale bila kuuvusha mstari huo, kwa sekunde chache zilizoelezwa kwenye pakiti, kisha hulazwa mahali pakavu na tambarare. Mkojo hupanda taratibu, eneo jeupe hupata rangi ya waridi kwa muda, kisha rangi hiyo hufifia na kuacha mstari mmoja au miwili. Mstari wa juu, wa herufi C, huonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi, na usipotokea utepe huo haufai, hata kama wa chini umeonekana wazi. Mstari wa herufi T ukitokea pamoja na ule wa C, hata ukiwa hafifu, mimba ipo.

Masharti hayo mafupi ndiyo yanayovunjwa zaidi. Tepe nyingi za aina hii husomwa katika dakika ya 5, na hazifai kusomwa baada ya dakika 10, kwa kuwa mkojo unapokauka huweza kuacha alama ya kijivu isiyo na rangi mahali pa mstari wa T, na alama hiyo imewafanya wanawake wengi kulia au kushangilia bila sababu. Anayeuacha utepe dirishani asubuhi na kuusoma tena anaporudi kutoka sokoni jioni anasoma ukaukaji wa mkojo.

Kinachotafutwa na utepe ni homoni iitwayo hCG, ambayo mwili huanza kuitoa kwa wingi baada ya mimba kujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hapa ndipo hesabu ya siku inapoingia, na hapa ndipo wauzaji wengi wanaponyamaza. Mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, ilhali yai lililopevuka huishi saa 12 hadi 24 tu, kwa hiyo siku za hatari ni zile 5 zinazotangulia kupevuka kwa yai pamoja na siku yenyewe ya kupevuka. Yai likirutubishwa, kujipandikiza hutokea kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya kupevuka, na hadi wakati huo mkojo hauna habari yoyote ya kutoa. Baada ya hapo homoni huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Pakiti nyingi huandikwa namba 25, yaani kiwango cha chini cha homoni ambacho utepe unaweza kukitambua katika kila mililita ya mkojo, na kiwango hicho hufikiwa na wanawake wengi karibu na siku ambayo hedhi ilitarajiwa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kupima hedhi ikishachelewa, au, kwa mwanamke ambaye hedhi yake haina mpangilio, siku 21 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga. Ile asilimia 99 inayochapishwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti inamhusu mtu aliyesubiri siku hizo, na ningependa mamlaka ziwalazimishe watengenezaji kuliandika sharti hilo kwa herufi za ukubwa ule ule.

Nililifahamu duka hili kwa sababu ya mdogo wangu, mwanamke mtu mzima mwenye kibanda chake cha nguo, aliyepasukiwa na kondomu usiku wa Jumamosi, tarehe 14. Jumatatu mchana aliingia duka jingine la dawa, akaomba kipimo, akauziwa bila kuulizwa neno lolote, akapima, akaona mstari mmoja, akanipigia simu akiwa na furaha. Utepe haukumdanganya, kwa maana siku ya pili baada ya tendo hapakuwa na cha kupimwa, lakini muuzaji alipokea fedha kwa kitu alichopaswa kujua kwamba hakiwezi kujibu swali la mteja wake siku ile.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda pamoja kwenye duka hili la pili. Mhudumu, mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe, aliegemea kwenye wavu wa kaunta akashusha sauti.

“Dada, siku zako za mwisho zilianza tarehe ngapi?”

“Tarehe moja.”

“Na jambo lenyewe lilikuwa lini?”

Alipojibiwa, alishusha kalenda ya ukutani iliyotolewa na muuza saruji, akaweka kidole kwenye tarehe 14, akahesabu kurudi nyuma na kwenda mbele. Kisha akasema kipimo hatakiuza leo, na kwamba saa bado zipo za kufanya jambo lenye manufaa zaidi.

Jambo hilo lilikuwa kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonojestreli, miligramu 1.5, ambacho humezwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72 baada ya tendo, na ambacho nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyosonga. Alieleza kwamba dawa hiyo hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha kupevuka kwa yai, kwamba haitoi mimba ambayo tayari imejipandikiza, kwamba mtu akitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza inambidi arudie, na kwamba haimkingi kwa tendo la kesho yake. Aliuliza pia kama mdogo wangu anatumia dawa za kifua kikuu au za VVU, kwa sababu rifampisini na efavirenzi hupunguza nguvu ya kidonge hicho, na kwa mtu wa namna hiyo njia bora ni kitanzi cha shaba, ambacho kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku 5 hufanya kazi vizuri kuliko kidonge chochote. Maelezo haya sikuwahi kuyasikia yakitolewa kikamilifu hivyo nje ya kliniki, tena na mtu ambaye angeweza kuuza tu na kumwita mteja anayefuata.

Aliongeza swali ambalo wengi wetu hulisahau kwa sababu hofu ya mimba huwa imejaa kichwani: mwenzake alikuwa na hali gani ya VVU? Mdogo wangu hakujua. Mhudumu akamwandikia kwenye kipande cha karatasi aende asubuhi ya Jumanne katika kituo cha afya cha serikali, akapimwe na aulizie dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa katika hatari ya kuambukizwa, ambazo nazo zina mpaka wa saa 72 za kuanza na humezwa kwa siku 28. Mwisho, juu ya bahasha ya kaki ya dawa, aliandika tarehe 5 ya mwezi uliofuata na maneno “pima asubuhi”. Ilikuwa siku ya 21, Jumamosi nyingine. Asubuhi, kwa sababu mkojo wa kwanza baada ya usingizi haujazimuliwa na maji ya mchana, na homoni ikiwa kidogo huonekana humo kwa urahisi zaidi.

Siku hiyo alipima kwa utepe na kwa kile kijiti cha bei ya juu, ambacho nilikinunua kwa ajili ya ulinganisho huu. Vyote viwili vilitoa jibu moja, na jibu hilo ni lake. Tofauti niliyoiona ni ya starehe tu: kijiti cha plastiki hushikwa chini ya mkojo moja kwa moja, ilhali utepe unahitaji kikombe kisafi na mkono usiotetemeka. Anayeishi nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja anaweza kuona kijiti kina faida, kwa kuwa kubeba kikombe uani mbele ya majirani kuna maneno yake. Mwingine yeyote abaki na fedha yake, au anunue tepe mbili ili apime tena baada ya siku chache iwapo hedhi bado haijafika.

Juu ya dalili za awali, huduma ya duka hili ilinivutia zaidi kuliko nilivyotazamia. Nilipokuwa nimesimama pembeni, alikuja mwanamke kununua dawa ya malaria, akilalamika juu ya uchovu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Kabla ya kugusa rafu, mhudumu alimwuliza kuhusu siku zake za mwisho, kisha akamwuliza kama mwili unachemka. Katika wilaya kama yetu, ambako malaria ni jambo la kila msimu wa mvua, maswali hayo mawili yana uzito. Uchovu, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya chakula ni vya malaria, na ni vya mimba pia, lakini mimba yenyewe haileti homa kali wala kutetemeka kwa baridi. Zaidi ya hayo, mwanamke mwenye malaria ambaye huenda ana mimba anapaswa kulieleza hilo mapema, kwa kuwa linaathiri uchaguzi wa dawa na uharaka wa matibabu. Mhudumu hakumpa dawa. Alimwelekeza akapimwe damu kwanza. Mwanamke aliondoka akinung'unika kwamba amepotezewa muda, na kwa maoni yangu alikuwa amepewa huduma bora kuliko aliyoiomba.

Dalili nyingine ambazo dada na shangazi zetu huzitaja, kama vile matiti kujaa na kuuma, chuchu kuwa nyeti, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kuchukia harufu ya mafuta ya kukaangia au matone machache ya damu kabla ya siku ya hedhi, ni za kweli, lakini nyingi hufanana mno na zile zinazotangulia hedhi ya kawaida. Kichefuchefu cha mimba huanza mara nyingi katika wiki ya 4 hadi ya 6, zikihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo anayetapika siku ya tatu baada ya tendo atafute sababu nyingine, pengine hofu yenyewe au kile alichokula. Kuchelewa kwa hedhi ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote, nayo ina mipaka yake. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu anaweza kukaa muda mrefu bila kuona damu, aliyemeza kidonge cha dharura anaweza kuona hedhi ikitangulia au ikichelewa kwa siku kadhaa, na anayenyonyesha mtoto huenda asiione kabisa. Kunyonyesha hukinga mimba pale tu ambapo mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena.

Kasoro ya kwanza ya huduma hii ni kadi ndogo inayotolewa bure pamoja na utepe, ambayo imechapishwa kana kwamba kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28 na yai lake hupevuka siku ya 14. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na hilo hubadilisha kila kitu: mwenye mzunguko wa siku 35 hukaribia siku yake ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 hukaribia siku ya 10, kiasi kwamba tendo la siku za mwisho za hedhi linaweza kumpatia mimba. Nilimwonyesha mhudumu jambo hili, akakubali kwamba yeye husahihisha kwa mdomo. Kusahihisha kwa mdomo hakumsaidii yule anayemtuma mwendesha boda boda kumnunulia kipimo.

Nilimwuliza pia maswali anayoyasikia zaidi kutoka kwa wateja, akanijibu bila kusitasita. Kumbusu mtu, kumkumbatia, kugusana mkiwa na nguo au kutumia choo alichokitumia mwanamume hakuleti mimba. Manii yakigusa mlango wa uke, hata bila kuingiliana kikamilifu, hatari ni ndogo lakini ipo. Kusimama wakati wa tendo, kuruka, kujiosha kwa maji ya chumvi au kunywa soda ya moto baadaye hakuzuii chochote, na mara ya kwanza ni sawa na mara nyingine yoyote. Kumwaga nje, ambako vijana wengi hukuamini, huwaacha takriban wanawake 20 kati ya 100 wakipata mimba ndani ya mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, ilhali kwa kondomu ya kiume idadi hiyo ni takriban 13. Majibu hayo ni sahihi, na yanahitajika: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu msichana mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Uganda alikuwa ameshazaa au ana mimba. Senga wa zamani, yaani shangazi anayewafunda wasichana, angeyatoa mafundisho haya nyumbani. Siku hizi senga yuko Kampala au Nairobi akitafuta riziki, na wavu wa duka la dawa umechukua nafasi yake.

Wavu huo, hata hivyo, hauna pazia. Mteja huulizwa tarehe ya hedhi yake huku nyuma yake kuna mtu anayesubiri dawa ya kikohozi, na ingawa mhudumu hushusha sauti, mteja mwenye wasiwasi hujibu kwa sauti ya juu. Niliona kijana wa kiume akigeuka na kuondoka mara tu swali la kwanza lilipoulizwa, ilhali yaelekea alikuwa ametumwa na mtu mwenye haja ya kweli. Kiti kimoja na kitambaa kwenye kona vingetosha. Karatasi ya maelekezo ndani ya pakiti nayo imeandikwa kwa Kiingereza tupu na kwa maandishi madogo sana. Kwa upande wa uhifadhi sina neno, kwani tepe hukaa kwenye droo ya chini mbali na jua, na hilo si jambo dogo chini ya bati la Busia wakati ambapo pakiti nyingi huagiza joto lisizidi nyuzi 30. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa bado mbali, na leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ilikuwa imebandikwa ukutani mahali inaposomeka.

Utepe hausemi mimba ina umri gani wala imekaa wapi. Mwanamke mwenye mistari miwili anayepata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, damu isiyo ya kawaida, maumivu kwenye bega au kuzirai asirudi dukani. Aende hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi huonekana kwenye utepe kama mimba nyingine. Aliyetoka kujifungua au ambaye mimba iliharibika wiki chache zilizopita anaweza kuona mistari miwili kwa sababu homoni bado haijaisha mwilini. Dawa za malaria, antibiotiki na vidonge vya uzazi wa mpango havibadilishi matokeo, ingawa uvumi wa mtaani husema vinginevyo. Na yeyote anayethibitisha ujauzito anashauriwa kuhudhuria kliniki ya wajawazito kabla ya wiki ya 12, huduma ambayo katika vituo vya serikali haina malipo.

Utepe nimeupa nyota nne kati ya tano, ile moja nikiizuia kwa sababu ya maelekezo yasiyosomeka. Duka nalo linapata nyota nne, na ya tano litaipata siku litakapoweka pazia. Hufunguliwa asubuhi na kufungwa yapata saa tatu usiku, lakini Jumapili hushika zamu kijana ambaye huuza bila kuuliza lolote, kwa hiyo atakayefika siku hiyo aende na tarehe zake zikiwa zimeandikwa, amtajie yeye mwenyewe, na kama saa 72 hazijapita aombe kidonge kabla ya kuomba kipimo.